Mikanda na viti vya watoto kwenye pikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni moja tulikuwa tunakatiza hifadhi ya Mikumi kurudi Iringa, mwendo haukuzidi 50. Punda milia akatoka kwenye majani upande wa kushoto. Nilikanyaga breki, pikapu ikasimama, punda akapita zake. Hatukugonga kitu. Lakini binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma bila mkanda, aliporomoka hadi sakafuni na uso wake ukagonga reli ya chuma iliyo chini ya kiti cha mbele. Mdomo ulipasuka, jino moja likatoka. Nilikuwa nimemlaza mwenyewe, nikamfunika khanga, nikaona kapumzika vizuri.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo haya kwa bidii. Nimesoma vijitabu vya magari, nimelala chali kwenye sakafu ya pikapu na tochi mdomoni nikitafuta ndoano. Na kwa kuwa watu wanaona viti vya watoto ndani ya gari letu, wananiuliza. Maswali yenyewe ndiyo haya.

Kwani pikapu ina tofauti gani na gari dogo?

Ipo juu zaidi, kwa hiyo ikiyumba hupinduka upesi kuliko gari dogo. Gari linapopinduka, asiyefunga mkanda hutupwa nje kupitia kioo, na wengi wa wanaotupwa nje hawaponi. Ndani pia kuna tofauti. Mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima, na kalio la kiti ni fupi kwa sababu nafasi imepewa bodi ya mizigo. Kiti cha mtoto kilichokaa vizuri kwenye gari dogo kinaweza kuninginia au kusukumwa mbele na mto wa kichwa kikiwekwa kwenye pikapu. Na ndani ya kabini huwa tunapakia vitu: jeki, dumu la maji, jembe, mtungi wa gesi. Breki ikishikwa ghafla, vyote hivyo vinaruka. Mtungi wa gesi uende nyuma kwenye bodi, ufungwe kamba.

Safari ni fupi tu, sokoni na kurudi. Nikimpakata si inatosha?

Haitoshi, na si suala la nguvu za mikono wala mapenzi ya mama. Kugonga kitu ukiwa kwenye mwendo wa 50 ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Gari likisimama ndani ya nusu mita, kama linavyosimama linapogonga ukuta, mtoto wa kilo 10 anavuta kwenda mbele kama mzigo wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mpakataji anayeyazuia.

Kuna namna mbili za kumpakata ambazo ni mbaya zaidi. Ya kwanza ni kuuzungusha mkanda mmoja uwazunguke mama na mtoto. Mama anapotupwa mbele, mtoto ndiye anayebanwa kati ya mwili wa mama na mkanda. Ya pili ni kufunga mkanda huku mtoto yuko mgongoni kwenye khanga. Huyo anakandamizwa kwenye mgongo wa kiti na uzito wote wa mama yake. Nimeiona hii mara nyingi kwenye pikapu zinazotoka shamba, na kila mara moyo unanilipuka.

Pikapu yangu ni ya kabini moja, hakuna kiti cha nyuma. Mtoto akae wapi?

Hapa kila kitu kinategemea eabegi, ule mfuko wa hewa wa upande wa abiria. Angalia dashibodi na kile kikingio cha jua. Kama eabegi ipo, utakuta maandishi au picha ya kiti cha mtoto iliyopigwa mstari mwekundu. Mfuko huo unafumuka kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa, kabla hujapepesa jicho. Kwa mtu mzima aliyefunga mkanda ni msaada mkubwa. Kwa kichanga kwenye kiti kinachotazama nyuma, mfuko unapiga mgongo wa kiti pale pale kichwa chake kilipo. Mtoto huyo anaweza kufa katika ajali ambayo wengine wote mngetoka salama.

Kwa hiyo kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Baadhi ya pikapu za kabini moja zina swichi ya kuizima, inayozungushwa kwa ufunguo, mara nyingi ubavuni mwa dashibodi ukifungua mlango wa abiria. Ukiizima, taa inawaka kuthibitisha. Akikaa mtu mzima pale, iwashe tena. Kama pikapu haina swichi na ina eabegi, kichanga asisafiri humo. Tafuta gari lingine.

Mkubwa kidogo, anayetazama mbele kwenye kiti chake chenye mikanda ya mabegani, anaweza kukaa hapo pasipokuwa na njia nyingine. Sukuma kiti cha gari nyuma hadi mwisho. Na usimweke katikati kwenye kiti cha watu watatu ikiwa pale pana mkanda wa kiunoni peke yake na gia inamgonga magoti.

Na kwenye dabo kabini?

Kiti cha nyuma, kila mtu na mkanda wake. Watu wanapenda kuambiwa kwamba katikati ndipo salama zaidi, kwa kuwa ni mbali na milango. Ni kweli kwa magari mengi, lakini kwenye pikapu nyingi za zamani katikati pana mkanda wa kiunoni tu na kalio la kiti limevimba. Pembeni ambako kiti kinakaa kikatulia ni bora kuliko katikati ambako kinacheza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni mkanda wa juu. Kiti cha mtoto kinachotazama mbele kwa kawaida kina mkanda mmoja unaotoka mgongoni mwake, juu, wenye ndoano mwishoni. Watu huuviringisha na kuufungia kwa mpira wakidhani ni wa kubebea. Kazi yake ni kuzuia sehemu ya juu ya kiti isiiname mbele gari linapogonga. Bila huo, kichwa cha mtoto kinaweza kwenda mbele sentimita 10 au zaidi kuliko kingekwenda ukiwa umefungwa, na ndani ya kabini nyembamba sentimita 10 ndiyo tofauti ya kukigonga kiti cha mbele au kutokigonga.

Kwenye gari dogo ndoano inashikwa nyuma ya kiti au kwenye buti. Pikapu haina buti. Mimi nilihangaika siku nzima. Mwishowe nilivuta ile kamba fupi iliyo begani mwa kiti cha nyuma, mgongo wa kiti ukalala mbele, na nyuma yake nikakuta jeki, kofia ya mtoto iliyopotea tangu Pasaka, maganda ya karanga, na kitanzi cheusi cha mkanda kilichoshikiliwa kwa bolti. Ndicho chenyewe. Kuna pikapu ambazo mkanda wa juu unapitishwa kwanza ndani ya kitanzi kilicho nyuma ya mtoto, kisha ndoano inakwenda kushikwa kwenye kitanzi cha kiti cha jirani. Kijitabu cha gari lako kinaonyesha kwa picha. Usifunge kwenye chuma chochote unachokiona tu: kishikio cha jeki si nanga, kitang'oka.

Ukimaliza, rudisha mgongo wa kiti na usukume hadi usikie umejifunga. Uvute kwa nguvu kuhakikisha. Kiti cha mtoto kilichofungwa barabara kwenye mgongo wa kiti ambao haujajifunga kitalala mbele pamoja nao. Hivyo hivyo kwa kalio la kiti linaloinuliwa ili kuweka vitu chini yake: lazima liwe limeshuka na kushika.

Halafu pima. Shika kiti cha mtoto pale mkanda wa gari unapopita, kitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kikicheza, weka goti juu yake, kandamiza kwa uzito wako, vuta mkanda upya. Mimi natoka jasho kila ninapokifunga.

Yangu ni ekstra kabini, ina viti vidogo nyuma. Vinafaa?

Vile vinavyotazamana, abiria akikaa ubavu kwa mwelekeo wa gari, havifai kwa kiti cha mtoto hata kidogo. Hakuna kiti cha mtoto kinachofungwa kwa ubavu. Vile vinavyotazama mbele, soma kijitabu cha gari. Vingi ni vifupi mno na kiti cha mtoto kinabaki hewani nusu nzima. Mtu akikuuzia ekstra kabini na kukuambia ni gari la familia, nenda na kiti chako ukakijaribishe kabla hujatoa hela.

Watoto wakikaa nyuma kwenye bodi tukienda polepole?

Hapana. Najua maisha yetu. Najua msiba, harusi, mechi ya shule, siku ya kuvuna, pikapu moja na watu ishirini. Lakini bodi ni karatasi ya bati isiyo na kiti, mkanda wala paa. Breki moja au shimo moja linatosha kumtoa mtu, na wakati mwingine anayeanguka anakanyagwa na gari linalofuata. Turubai au kava la fiba halibadilishi kitu, tena linaweza kukusanya moshi wa ekzosi ndani, na gesi ya moshi huo inaua bila harufu. Kama hakuna nafasi kabini, safari mbili. Au nauli ya basi kwa waliobaki.

Mtoto wa umri gani anatumia kiti gani?

Uzito na urefu ndivyo vinavyoamua kuliko umri, lakini mtiririko ni huu. Tangu siku anayotoka hospitali anakaa kwenye kiti kinachotazama nyuma, na abaki hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, R129, inataka angalau miezi 15. Waswidi wanawageuza watoto wao wakifika miaka minne hivi. Sababu ni kichwa: kwa mtoto mchanga kichwa ni robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo mzima unapokea kishindo badala ya shingo peke yake. Aliyetengeneza kiti cha kwanza cha aina hiyo ni profesa wa Sweden, Bertil Aldman, miaka ya 1960, baada ya kuona wanaanga wanavyolala chali roketi inaporuka. Mimi wazo hilo lilinishawishi kuliko takwimu zote.

Baada ya hapo anatazama mbele, na mikanda ya kiti chake mabegani, pamoja na ule mkanda wa juu. Akikizidi hicho, anahamia busta, kiti cha kumnyanyua ili mkanda wa gari upite panapostahili. Busta inahitaji mkanda wa kiunoni na begani. Mahali penye mkanda wa kiunoni peke yake, busta haitumiki.

Mto wa kitandani si busta. Unabonyea, unateleza, na mtoto anapita chini ya mkanda.

Nitajuaje sasa anaweza kutumia mkanda wa gari peke yake?

Mkalishe. Mgongo uguse mgongo wa kiti wote, magoti yakunjike ukingoni mwa kiti, mkanda wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, na wa begani upite katikati ya bega na kifua, si shingoni. Kisha aweze kukaa hivyo safari nzima bila kuteleza. Wengi hufikia hapo wakiwa na urefu wa sentimita 145 hivi, miaka kumi au kumi na miwili. Mkanda unaomkera shingoni atauweka chini ya kwapa au nyuma ya mgongo. Ukimwona anafanya hivyo, jua bado anahitaji busta. Mkanda wa chini uliokaa tumboni hupasua utumbo na wengu.

Shangazi wa watoto ametuma kiti kutoka Ulaya. Mwingine tumepata cha mtumba. Tutumie?

Geuza kiti, tafuta lebo. Cha Ulaya kina lebo yenye herufi E ndani ya duara na namba ya kanuni, R44 au R129. Kama ni R44, namba inayofuata iwe 03 au 04. Cha Marekani kina maandishi kwamba kimetimiza kiwango cha FMVSS 213, na kina kile kibano cha kifuani, ambacho kinapaswa kukaa usawa wa kwapa, si tumboni.

Halafu tafuta tarehe. Vingi vimechapwa kwenye plastiki ya chini lini kilitengenezwa na lini kinaisha. Joto na jua vinaichosha plastiki. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali kubwa usikitumie hata kama hakionyeshi ufa. Kwa mtumba wa sokoni hilo ndilo tatizo: muuzaji hajui historia yake. Mimi napokea kiti cha ndugu ninayeweza kumuuliza, cha mtu nisiyemjua nakiacha.

Ukivifunga hivi, kumbuka mikanda ya magari hailingani. Vuta mkanda wa gari wote hadi mwisho, kisha uachie urudi polepole. Ukisikia unarudi kwa mlio wa tik-tik-tik na hauwezi kuvutika tena, una kufuli, utakishika kiti. Kama unarudi kimya na unavutika ovyo, basi unakaza breki inaposhikwa tu, na kiti kitahitaji kibano chake cha kufungia. Viti vya Ulaya vingi vimejengewa. Vya Marekani angalia kibano kilichopachikwa juu ya kiti chenyewe.

Huku Makete ni baridi. Mtoto amevaa jaketi zito.

Mvue. Jaketi linajaza nafasi kati ya mwili na mkanda, na kwenye ajali hewa yote inatoka, mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, kaza mpaka usiweze kuukunja mkanda kwa vidole viwili begani, kisha mfunike blanketi juu yake.

Mimi ni mjamzito, mkanda hautamuumiza mtoto?

Unaomuumiza ni uliopita juu ya tumbo. Mkanda wa chini ushushe chini kabisa ya tumbo, ukae kwenye nyonga na mapajani juu. Wa begani upite kati ya matiti, pembeni mwa tumbo. Sogeza kiti nyuma mbali na usukani. Kinachomlinda mtoto ni mama yake kubaki hai.

Watoto ni wengi kuliko mikanda.

Mkanda mmoja mtu mmoja. Wawili kwenye mkanda mmoja vichwa vyao vinagongana. Hesabu mikanda kabla ya kualika watu, kama unavyohesabu sahani.

Sina uwezo wa kununua kiti.

Sikulaumu. Anza na unavyoweza. Watoto wakae kiti cha nyuma, si cha mbele. Kila mmoja na mkanda wake. Busta isiyo na mgongo ni rahisi kuliko kiti kamili, kwa hiyo kwa mtoto wa shule ya msingi ndiyo ya kwanza kutafuta. Kiti cha kichanga kinatumika mwaka mmoja na kidogo tu, kwa hiyo ndugu watatu wanaweza kuchangia kimoja na kukipokezana. Sisi tumefanya hivyo, kimepita nyumba nne. Na wewe dereva punguza mwendo: wa 80 una nguvu ya kugonga zaidi ya mara mbili na nusu ya 50.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba sheria yetu ya mkanda ilikuwa inawagusa waliokaa mbele tu, na kwamba hatukuwa na sheria ya viti vya watoto. Wakenya walianza kubanwa wafunge mikanda kwenye matatu, daladala zao, Februari 2004, kwa kanuni za waziri John Michuki. Walioko Uingereza wanajua mtoto anatumia kiti mpaka miaka 12 au sentimita 135, Ujerumani miaka 12 au sentimita 150. Trafiki asipokuuliza kuhusu mtoto aliye nyuma, haina maana yuko salama.

Mkanda wenyewe nautunzaje?

Uvute wote nje mara moja kwa mwezi. Angalia nyuzi zilizochanika, mafuta, alama za kuungua. Vumbi jekundu la barabara zetu linaingia hadi kule unakojikunja, ndiyo maana mikanda mingi ya pikapu inarudi kwa uvivu. Futa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, acha ukauke nje kabla haujarudi. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inadhoofisha nyuzi. Mkanda uliobeba mtu kwenye ajali kubwa unabadilishwa. Na vile vipande vya chuma vinavyouzwa ili kengele ya mkanda inyamaze, vitoe.

Mtoto analia, anajinyofoa, anakataa kabisa kufungwa.

Wa kwangu wa pili alikuwa hivyo miezi mitatu. Kwanza nilihakikisha hana sababu: pikapu ikikaa juani, kifungio cha chuma kinaunguza ngozi, na hilo nilikuja kuligundua baada ya kuona alama pajani mwake. Sasa nafunika viti kwa kitenge tukiegesha, na nashika chuma mwenyewe kwanza. Baada ya hapo msimamo ukawa mmoja, kwa baba, mama na bibi: gari haliondoki mpaka kifungio kimelia tak. Tulichelewa kanisani mara mbili. Siku ya tatu tulikuwa tumewasha injini, dada yake mkubwa, yule wa Mikumi, akainama kumfungia, akamwambia, "Leta mkono, huu uingie hapa." Akaleta.